Uliza Fundi: picha za nusu uso na flashi iliyogoma

*Assalaam alaykum fundi. Mimi ni karani wa ushirika wa wakulima wa karafuu huku Wete. Tuna wanachama 1,140. Kila mmoja ana picha yake, skani ya kitambulisho mbele na nyuma, na hesabu za karafuu alizoleta. Programu alitutengenezea kijana wetu ambaye sasa yuko Muscat, na simu hapokei. Nina mambo matatu. Kwanza, tangu tubadilishe simu ya kupigia picha, wanachama wapya wanatoka nusu: unaona kofia na macho, kuanzia puani kwenda chini kijivu kitupu. Pili, kufungua orodha tu, majina na shehia, ni dakika saba mpaka nane. Tatu, kila Alkhamisi natia nakala kwenye flashi nampa mtu anayekwenda kupanda boti Mkoani, ikahifadhiwe Unguja. Kanzidata yote ni GB 4.6, flashi ni ya GB 16 na nimeifuta yote, inaniambia nafasi haitoshi. Nimenunua nyengine, vile vile. Watu wananambia picha hazifai kabisa kuwekwa ndani ya kanzidata. Ni kweli?*
*Bi M., Wete*

Wa alaykum salaam, dada yangu. Ahsante kwa kunitumia picha ya skrini yenye muundo wa jadweli lako, ingawa kidole kimeziba pembe moja. Mstari wa nne ulitosha. Umeandikwa `picha blob`, na hapo ndipo pua za wanachama wako zilipopotelea.

Blob ni aina ya safu ya kutilia baiti za faili zima, kama picha. Watu wakilisikia jina hilo hudhani ni gunia lisilo na mwisho. Kwenye MySQL, programu inayotunza kanzidata yenu, magunia ni manne na kila moja lina kipimo chake. TINYBLOB hubeba baiti 255, haitoshi hata kwa picha ya ukucha. BLOB yenyewe hubeba baiti 65,535. MEDIUMBLOB hubeba baiti 16,777,215, na LONGBLOB hufika karibu GB 4. Simu yenu ya zamani ilikuwa ikitoa picha za KB 40, KB 50, zikaingia zote. Hii mpya, hata baada ya programu kuzipunguza, zinatoka kama KB 120. MySQL imejaza gunia mpaka mdomoni, zilizobaki imezimwaga chini. Na kwa kuwa JPEG ya kawaida huandikwa kutoka juu kwenda chini, kilichosalimika ni kofia na macho.

Utaniuliza kwa nini haikupiga kelele. Ilitakiwa ipige. Tangu toleo la 5.7, la mwaka 2015, MySQL ikiachiwa ilivyo huukataa mzigo uliozidi na kurudisha kosa. Lakini ukali huo unaweza kuzimwa, na mara nyingi anayeuzima ni mtengeneza programu aliyekutana na kosa saa tano usiku akataka alale. Nami nimeshawahi kuuzima, kwa hivyo kijana wa Muscat simsemi sana. Kwenye faili la mipangilio tafuta `sql_mode`, urudishe `STRICT_TRANS_TABLES`. Kisha hesabu walioumia:

`SELECT id, jina FROM wanachama WHERE LENGTH(picha) = 65535;`

Kila atakayetokea hapo picha yake imekatwa. Kuibadilisha safu iwe MEDIUMBLOB kutaokoa watakaokuja. Hawa hakutawarudishia videvu, maana baiti zilizobaki hazikuandikwa popote. Kimbilia kwenye ile simu kabla mtu hajaifuta galari yake.

Sasa dakika nane. Ulinitumia pia kipande cha safu ya `kitambulisho_mbele`, ukasema ni "maandishi ya ajabu ajabu". Yanaanza na `/9j/`. Mtu aliyekaa na mambo haya akiona herufi hizo hujua bila kuuliza: hii ni JPEG iliyogeuzwa kuwa herufi kwa njia ya base64. Njia hiyo ilibuniwa kwa ajili ya kupitisha faili mahali panapokubali herufi tu, kama barua pepe. Kila baiti tatu zinageuka herufi nne. Skani ya MB 3 inakaa kama MB 4, na ile MB moja ya ziada haina kazi yoyote, ni kama kulipia nauli ya gunia tupu. Mbele na nyuma kwa pamoja, kila mwanachama wako anabeba karibu MB 4 za herufi. Zidisha kwa 1,140 na umeipata GB 4.6 yako karibu yote. Karafuu zenyewe, pishi na kilo na shilingi za misimu yote, nadhani hazifiki MB 20.

Halafu programu, ukibonyeza "Orodha", inaiambia kanzidata `SELECT *`, yaani nipe kila kitu cha kila mtu. Umetaka majina na shehia, unaletewa skani 2,280. Waya wa ofisini kwenu, kwa ulivyoniambia, ni wa megabiti 100, na hupitisha kama MB 12 kwa sekunde ukiwa na afya. GB 4.6 kwa mwendo huo ni dakika sita na ushei kabla diski haijaanza kupumua.

Dawa ya haraka hapa ni ya bure. InnoDB, injini inayotumiwa na MySQL, hugawa diski katika kurasa za KB 16. Kitu kikubwa hakikai pamoja na mstari wake. Hupelekwa kwenye kurasa za pembeni, na kwenye mstari, kwa mpangilio wa siku hizi uitwao DYNAMIC, hubaki kielekezi cha baiti 20 tu, cha kuonyesha kitu chenyewe kiliko. Ukiitaja safu, kanzidata inakwenda kuzichimba kurasa zile. Usipoitaja, haizigusi. Kwa hivyo mtafute yeyote hapo Wete anayeweza kufungua faili za programu, abadilishe neno moja tu: pahala pa nyota aandike `id, jina, shehia`. Orodha itafunguka kabla hujaweka kikombe chini.

Hata hivyo nakushauri uende mbele zaidi, uzitoe picha zote kwenye jadweli la wanachama uziweke kwenye jadweli lao. Fundi atakayekuja baada ya huyu naye ataandika nyota. Wote huandika nyota. Jadweli unalolifungua mara hamsini kwa siku lisibebe kitu unachokitazama siku ya mzozo tu.

`CREATE TABLE wanachama_picha (`
`mwanachama_id INT NOT NULL,`
`aina CHAR(1) NOT NULL,`
`data MEDIUMBLOB NOT NULL,`
`alama BINARY(32) NOT NULL,`
`PRIMARY KEY (mwanachama_id, aina));`

Aina ni P kwa picha, M kwa mbele, N kwa nyuma. Alama ni SHA-256 ya faili, alama yake ya kidole, baiti 32. Siku ukiitilia shaka picha, unaihesabu upya na kulinganisha. Kuhamisha, MySQL ina kitendo `FROM_BASE64()` kinachorudisha herufi kuwa baiti. Fanya kazi hiyo baada ya kurudisha ule ukali, si kabla, ili herufi zilizoharibika zikataliwe waziwazi zisiingie kama picha tupu. Hesabu mistari pande zote mbili, fungua picha kumi za hapa na pale kwa macho yako, ndipo uzifute safu za zamani.

Ukishazifuta usishangae faili la kanzidata kubaki nene vile vile. InnoDB hairudishi nafasi kwa diski. Huiweka kwa matumizi yake ya baadaye. Inabidi uiambie `OPTIMIZE TABLE wanachama`, nayo italijenga jadweli upya, na wakati inajenga huhitaji nafasi ya kuweka jadweli jipya ubavuni mwa la zamani. Hakikisha diski inayo.

Na skani zenyewe, dada! Ile moja uliyonitumia, uliyoziba jina kwa karatasi, ni ukurasa mzima wa A4 kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi), kadi imekaa pembeni juu kama mgeni aliyechelewa khutuba. Kadi inayoingia kwenye pochi haihitaji hivyo. Kata kadi peke yake, dpi 300, itatoka kama pikseli 1,000 kwa 640, chini ya KB 200, na namba zinasomeka bila miwani. Kwa watu wote 1,140 pande mbili ni kama MB 456, ongeza picha za sura MB 137. Kanzidata yako itashuka kutoka GB 4.6 hadi karibu MB 600. Mpangilio wa jadweli, kielekezi, base64, vyote nilivyoeleza hapo juu havifikii mkasi huu mmoja.

Flashi haina ubaya. Nyingi zinazouzwa hadi GB 32 huja na mpangilio wa FAT32, na FAT32 haikubali faili moja kufika GB 4, hata flashi ikiwa tupu kabisa. Hukutia faili dogo hata moja likakataliwa, sivyo? Ungenunua ya tatu ingekuwa hivyo hivyo. Ifomati upya kwa exFAT, au ukandamize nakala kwa gzip kabla ya kuitia. Leo gzip itaishusha hadi karibu GB 3.4, si zaidi, maana kinachobanika ni ule unene wa base64 tu. JPEG yenyewe imeshakamuliwa. Na ukishahamia kwenye MEDIUMBLOB, toa nakala kwa `mysqldump --hex-blob`. Huandika kila baiti kwa herufi mbili, kwa hivyo MB 600 itaonekana kama GB 1.2. Usiogope, gzip itaibana tena.

Limebaki la "picha hazifai kabisa". Mwaka 2006 Jim Gray, mtafiti wa kanzidata wa Microsoft Research, na wenzake wawili walilipima suala hili kwa SQL Server, kanzidata ya Microsoft, na NTFS, mfumo wa faili wa Windows. Walikuta vitu vilivyo chini ya KB 256 vinakaa vizuri zaidi ndani ya kanzidata, vinavyozidi MB 1 vinakaa vizuri zaidi kwenye faili, na vya katikati hutegemea vinabadilishwa mara ngapi. (Gray alitoka na mashua yake ya tanga kutoka San Francisco mwezi Januari 2007, peke yake, na mpaka leo hajaonekana. Sie watu wa visiwani jambo kama hilo halitupiti hivi hivi.) Waandishi wa SQLite, kanzidata ndogo inayokaa ndani ya faili moja, nao walipima yao, wakaona kizingiti kwao kiko karibu KB 100. Namba zinatofautiana kwa kanzidata na kwa diski, lakini hakuna hata mmoja aliyesema "kabisa".

Mie nina sababu yangu ya kuweka vidogo ndani, na haihusu mwendo. Unguja ilipokaa bila umeme kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, nilikuwa naangalia mashine ya ofisi moja mjini, sitaitaja. Skani za hati zilikuwa kwenye folda, na kwenye jadweli tukaandika njia ya faili tu, kwa sababu nami nilikuwa nimeambiwa "kabisa". Jenereta likawa linawaka na kuzima bila adabu, mpaka siku moja diski haikurudi. Kanzidata tulikuwa tunainakili kila usiku. Folda ilikuwa inanakiliwa na mtu mwengine, akikumbuka. Tukarejesha vyote viwili: jadweli likazijua hati za mpaka jana, folda ikazijua za mpaka wiki tano nyuma. Mistari 212 ikawa inaelekeza mahali pasipo na kitu. Nilikaa siku nne juu ya kibao cha mbao, kwa mwanga wa taa ya chemli, nikipekua majalada ya karatasi ili kuziskani tena umeme ukija.

Vikiwa ndani, mstari na picha yake vinaandikwa pamoja au visiandikwe, vinafutwa pamoja, na vinasafiri kwenye flashi moja kwa boti moja. Kwa vitu vya KB 120 na KB 200, watu 1,140, mtu mmoja anayekumbuka Alkhamisi, viweke ndani. Anayebisha aje Wete abebe flashi mbili.

*Fundi, sisi klabu yetu ya taarab hapa mjini tumeanza kurekodi mazoezi na maonyesho, WAV safi. Nimetengeneza jadweli lenye LONGBLOB kwa sababu nimesoma inabeba GB 4. Nyimbo fupi zinaingia, ndefu zinanirudishia kosa la `max_allowed_packet`. Niipandishe hadi ngapi?*
*Kijana wa fidla, Unguja*

Usiipandishe, mwanangu. Hizi zitoe nje.

Najua nimetoka kusema viweke ndani. Pima kwanza. WAV ni sauti isiyobanwa, na ya ubora wa CD ni sampuli 44,100 kwa sekunde, baiti mbili kila moja, masikio mawili: baiti 176,400 kwa sekunde, kama MB 10.6 kwa dakika. Wimbo wa taarab una adabu zake, utangulizi peke yake mtu anamaliza kahawa, tuseme dakika 15. Hizo ni MB 159 kwa wimbo mmoja. Kipimo cha `max_allowed_packet`, yaani mzigo mkubwa kabisa unaoruhusiwa kupita kwa mkupuo mmoja, kwenye MySQL 8.0 huanzia MB 64, ndiyo maana fupi zinapita. Unaweza kukifikisha GB 1, hapo ndipo mwisho, kwa hivyo ile GB 4 uliyoisoma huwezi kuipitisha kwa mkupuo hata ukipenda. Na kila anayetaka kusikiliza ubeti wa tatu tu, seva itaubeba wimbo mzima kwenye kumbukumbu yake. Faili kwenye diski hurukwa mpaka dakika ya tisa bila kugusa zilizotangulia.

Kwenye jadweli weka jina la wimbo, mwimbaji, tarehe, urefu kwa sekunde, ukubwa kwa baiti, na SHA-256. Faili lenyewe liite kwa SHA-256 yake, si "mazoezi mapya mwisho kabisa 2". Rekodi ile ile ikiletwa mara mbili na watu wawili itapata jina moja na haitakula nafasi mara mbili. Ligawe folda kwa herufi mbili za mwanzo za jina hilo, utapata folda 256, hakuna hata moja itakayojaa mpaka ikagoma kufunguka. Andika faili kwanza, mstari baadaye. Mambo yakikatika katikati utabaki na faili lisilo na mwenyewe, ambalo halimdhuru mtu, badala ya mstari unaodanganya. Kila usiku programu ndogo ipite: kila mstari una faili, kila faili lina mstari. Hiyo ndiyo iliyokosekana kwangu mwaka ule.

Na zibane kwa FLAC, njia ya kubana faili za sauti. Haipotezi hata pumzi ya ganuni, na mara nyingi hubaki kama nusu au zaidi kidogo ya WAV.

*Mwalimu, kwenye PostgreSQL nitumie bytea au large objects? Na je, nizibane picha kabla?*
*Mwanafunzi, Tunguu*

PostgreSQL ni kanzidata nyengine, na bytea ndiyo safu yake ya kutilia baiti, kama blob ya MySQL. Tumia bytea, mpaka uwe na sababu. Hubeba hadi GB 1 kwa safu. Mstari ukizidi kama KB 2, PostgreSQL hukibana kitu kikubwa, na kisipotosha hukikata slesi za karibu baiti 2,000 na kuzipanga kwenye jadweli la pembeni. Mbinu hiyo inaitwa TOAST, na ndiyo, wanakusudia mkate. Ukibadilisha jina la mtu bila kugusa picha yake, slesi haziandikwi upya.

Large objects, vitu vikubwa vinavyokaa nje ya jadweli lako na mstari ukabaki na namba yake tu, hufika TB 4 na unaweza kusoma kipande kipande, lakini ukifuta mstari kitu chenyewe hakifutiki. Lazima ukiite kwa `lo_unlink`, au upitishe `vacuumlo` kuokota mayatima. Wanafunzi husahau. Walimu pia.

Picha za JPEG zimeshabanwa na kamera, hutapata kitu kwa kuzibana tena. Iambie kanzidata nayo isijisumbue:

`ALTER TABLE picha ALTER COLUMN data SET STORAGE EXTERNAL;`

Itahusu zitakazoingia baada ya hapo. Zilizomo zitabaki zilivyo mpaka uziandike upya.